Masaa ya Hewani na Masaa ya Benchi

Mama yangu mdogo alifika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere saa moja asubuhi, tarehe 14 Desemba, akiwa na begi la kilo 23 na furushi la kahawa ya Mbozi aliyoikaanga kwa mkono wake. Tiketi ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya A4, naye alikuwa ameikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya Biblia. Karatasi ilisema ndege inaondoka 04:15. Akaisoma kama ambavyo wengi wetu tungeisoma: saa nne na robo. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi kwa masaa matatu na robo. Kumbe 04:15 ya tiketi ni saa kumi na robo alfajiri, na wakati anashuka kwenye teksi ndege ilikuwa imeshaondoka zamani.

Alirudi Mbozi kwa basi: Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Mlowo. Kahawa aliiacha Tabata kwa ndugu aliyemlaza. Tiketi haikuwa na kosa, na yeye si mtu wa kubabaishwa na tarakimu, maana amepima na kuuza kahawa tangu ujana wake na bei ya kilo huipiga kichwani. Ni saa za aina mbili tu zilizokutana kwenye karatasi moja. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye, kwa sababu kazi yangu ni hiyo hiyo. Nakaa ofisini, chini, napanga njia za ndege: nakokotoa upepo, mafuta na dakika kabla rubani hajafunga mkanda. Nimewapangia njia watu nisiowajua kwa miaka mingi, na huyu aliyenilea sikukaa naye hata nusu saa tuisome tiketi pamoja.

Neno moja kabla sijaendelea. Walimu wa Kiswahili hawalipendi neno "masaa". Wanasema ni saa, iwe moja au kumi. Nawaheshimu, lakini katika jambo hili naungana na watu wa vijiweni. Ukisema "saa nane" msikilizaji hajui kama ni wakati baada ya adhuhuri au ni muda wa kukaa kitini. Hapa nitasema masaa kwa muda na saa kwa wakati.

Nilipokwenda kumpa pole Mbozi Mission nilimkuta jikoni, kwenye kigoda, akipepeta maharage. Hakuzungumzia hasara. Aliniuliza, "Hebu niambie, baba. Kutoka hapa nilipokaa mpaka kwa dada yako ni mbali kiasi gani? Huyu anasema masaa nane, yule siku mbili. Nimwamini nani?" Dada yangu, bintiye, anaishi Dresden, mashariki mwa Ujerumani.

Tuanze na umbali, ambao ndio mwepesi. Mbozi Mission iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 33 mashariki. Dresden iko nyuzi 51 kaskazini na karibu 14 mashariki. Uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111. Kutoka 9 kusini hadi 51 kaskazini ni nyuzi 60, kwa hiyo kwenda kaskazini peke yake ni kilomita 6,660. Ongeza kule kuegemea magharibi, unapata kilomita 6,930 hivi kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Safari ya Ulaya kutoka kwetu ni safari ya kupanda kaskazini, na ndiyo maana, kama tutakavyoona, saa za huko hazipishani sana na zetu.

Sasa muda. Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu hukata anga kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini inaanza taratibu na kumaliza taratibu. Mimi hutumia kanuni ya kidole, nayo hainidanganyi kwa mengi: gawa kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Dar es Salaam hadi Dubai ni kilomita kama 4,000. Kanuni inatoa masaa matano na ushei. Dar es Salaam hadi Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Tunduma hufuata mizigo, ni kilomita 8,700. Unapata masaa kumi na dakika 45 hivi. Uwanja wa Songwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 690 kwa anga. Unapata dakika 80. Kwa Mbozi na Dresden kanuni inasema masaa manane na dakika kama 40. Aliyemwambia mama mdogo masaa nane hakusema uongo. Alisema urefu wa njia ambayo hakuna ndege inayoipita.

Mtoto wa pale nyumbani, wa darasa la sita, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alitaka kujua kwa nini nasema "njia fupi kuliko zote" wakati kila mtu anajua kwamba njia fupi ni mstari ulionyooka. Nikamwomba mpira wake na kipande cha uzi wa kushonea. Mpira ulikuwa umechakaa, umeshonwa upya mahali pawili, lakini ulikuwa wa duara, na hilo lilitosha. Tukautia alama mbili kwa kalamu ya wino: Nairobi, karibu na mkanda wa katikati, na New York, mbali juu kushoto. Nilichagua miji hiyo kwa sababu Kenya Airways ilianza kuiunganisha bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787, na mfano wake ni mzuri kuliko wa Dresden.

Kwenye ramani ya ukutani, ukiweka rula toka Nairobi hadi New York, mstari unapita Uganda, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, unatokea Mauritania na kuingia baharini. Nikamwambia aubane uzi kwenye alama ya Nairobi kwa kidole gumba na kuuvuta hadi ukaze kwenye New York. Uzi haukufuata rula. Ulipanda kaskazini magharibi kana kwamba unakwenda Ulaya: Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria, Moroko, ndipo ukaingia Atlantiki. Akaulegeza na kuulazimisha upite Nigeria; ukabaki mfupi, haukufika. Alirudia mara tatu, hakutaka kuamini mkono wake mwenyewe. Ramani ya ukutani imeikunjua dunia ya duara ikawa karatasi, na katika kuikunjua imezivuta nchi za kaskazini zikaonekana pana kuliko zilivyo. Uzi kwenye mpira haujadanganywa hivyo. Wataalamu huuita mstari huo duara kuu, kwa kuwa ukiuendeleza utaizunguka dunia yote na kuikata katika nusu mbili sawa.

Nairobi hadi New York kwa njia ya uzi ni kilomita 11,840 hivi. Kanuni yangu ya kidole inatoa masaa 14 na dakika 25 hivi. Shirika lilipotangaza safari ile lilisema masaa 15 kwenda na masaa 14 kurudi. Ndege ni ile ile na miji ni ile ile, lakini saa nzima imepotea njiani kwenda na kuokotwa wakati wa kurudi. Hiyo ni kazi ya upepo. Katika nyuzi za kati za kaskazini, kimo cha kilomita 9 hadi 12, upo mkondo wa upepo unaotiririka toka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na wakati wa baridi yao mara nyingi huzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani anaupanda kama mtumbwi unaopanda mto, anayerudi anabebwa. Ndiyo maana asubuhi ofisini sianzi na ramani ya nchi, naanza na ramani ya upepo. Mara nyingi njia ya haraka siyo ile fupi: napinda kilomita mia mbili tatu kaskazini au kusini ili kuukwepa mkondo au kuupata, na abiria aliyelala hajui kwamba kupinda huko kumempunguzia dakika 20.

Kuna pia kupinda kwingine ambako hakumfurahishi yeyote. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikiikata kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya zikalazimika kuizunguka. Uzi kwenye mpira wa mtoto haujui vita. Karatasi zangu zinavijua, kwa tani za mafuta.

Lakini hadi hapo mama mdogo alikuwa bado hajajibiwa. Alikuwa ameacha kupepeta. "Sasa hizo siku mbili zinatoka wapi?"

Zinatoka kwenye benchi.

Ndege inayotoka Songwe moja kwa moja hadi Ujerumani haipo. Uwanja wenyewe, ulioanza kupokea ndege Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliobanwa katikati ya Mbeya, una njia ya kurukia ya kilomita 3.3, na huo ni urefu wa heshima. Kinachokosekana ni watu. Ndege ya masafa marefu ina viti mia mbili na zaidi, na haiwezi kupatikana wiki baada ya wiki idadi hiyo ya watu, wote wakitoka Mbozi, Rungwe na Sumbawanga wakielekea mji mmoja wa Ujerumani. Kwa hiyo watu hukusanywa kama kahawa inavyokusanywa: toka shamba hadi kituo cha kijiji, toka kijiji hadi ghala, toka ghala hadi bandarini. Addis Ababa ni ghala kubwa kuliko yote ya upande wetu. Abiria wa Lilongwe, wa Lubumbashi, wa Bujumbura, wa Entebbe na wa Dar es Salaam huteremshwa pale jioni, wakachanganywa, na usiku huo huo wakajaza ndege ya Frankfurt.

Watu wakisikia hivyo hulalamikia mzunguko. Tuupime. Songwe hadi Dar es Salaam kilomita 690. Dar es Salaam hadi Addis Ababa 1,760. Addis Ababa hadi Frankfurt, ambako atapanda treni ya Dresden, 5,350. Jumla ni 7,800, wakati njia ya uzi ni 6,930. Umeongeza kilomita 870, ambazo kwa ndege kubwa ni kama saa moja. Mzunguko si mzigo. Kinachorefusha safari ni kule kutua mara tatu, maana kila kutua kunazaa foleni, ukaguzi, begi la kusubiriwa, na benchi.

Hili si jambo la leo, na Mbeya inalijua tangu zamani. Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya anga kutoka London hadi Cape Town, na Mbeya ilikuwa kituo kimojawapo, kati ya Dodoma na Mpika. Ndege zilizotua pale ziliitwa Hercules, zenye injini tatu na mabawa mawili yaliyopandana, na mwendo wake haukufika kilomita 200 kwa saa. Safari nzima iliwekewa ratiba ya siku kama 11. Mtu anaweza kudhani siku hizo zililiwa na mwendo wa pole. Sehemu, ndiyo. Lakini abiria wale walisafiri kwa treni toka Paris hadi Brindisi, kusini mwa Italia, wakavuka bahari kwa ndege ya majini, wakapanda treni tena toka Alexandria hadi Cairo, wakabadili ndege Khartoum, wakabadili tena huku kwetu, na kila jioni ndege ilishuka ikalala, wakalala. Masaa mengi ya siku zile yalikuwa ya ardhini. Hata hivyo, kwa waliowatangulia huo ulikuwa muujiza. Wamisionari wa Kimoravian walioanzisha misheni hii ya Mbozi mwaka 1899, akina Traugott Bachmann, kanisa lao lina chimbuko Herrnhut, mji mdogo ulio mashariki ya Dresden yenyewe. Njia ya kawaida ya wakati wao ilikuwa meli hadi mdomo wa Zambezi, mashua kupanda Zambezi na Shire, kisha Ziwa Nyasa, kisha miguu. Miezi. Kilomita za uzi kati ya Herrnhut na Mbozi zilikuwa zile zile, karibu 6,900.

Kwa hiyo nilimshauri mama mdogo aanze kupanga safari kwa kuyapima masaa ya benchi. Ya hewani yanajitegemea. Mambo mawili yana uzito hapo. La kwanza ni kununua safari yote kwenye tiketi moja. Ukinunua Songwe hadi Dar es Salaam peke yake kwa sababu umeona bei nafuu, kisha ukanunua Dar es Salaam hadi Ulaya peke yake, ndege ya kwanza ikichelewa ile ya pili haikujui. Ikiwa tiketi ni moja, kazi ya kukutafutia nafasi nyingine ni ya waliokuuzia. La pili ni ukungu. Asubuhi za masika mawingu hulala chini kule Songwe, na nimewahi kuona ndege inazunguka, inashindwa kuiona njia, inarudi Dar es Salaam na abiria wake. Anayeunganisha ndege kwa kujiachia masaa mawili tu Dar es Salaam anacheza na ukungu huo. Na kwa kawaida ndege za ndani na za nje hazitumii jengo moja: za nje zinaondokea Jengo la Tatu, lililoanza kazi Agosti 2019, na kutoka la ndani unahitaji gari. Mama mdogo alinuna nilipomwambia ajipe zaidi ya masaa matano Dar es Salaam. Alisema ni muda wa kupika, kula na kuosha vyombo mara mbili. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote.

Zikabaki saa. Hapa nilimchukua hadi Tunduma, maana mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili duniani pengine ni pale mpakani. Malori yamejipanga, watu wanavuka na mikokoteni, na hatua chache upande wa pili ni Nakonde, Zambia. Tuliposimama upande wetu ilikuwa saa tatu asubuhi. Nakonde ilikuwa saa mbili. Jua ni lile lile, vumbi lile lile, lakini serikali ya Zambia imechagua saa moja nyuma ya yetu. Wenyeji hawahangaiki, mtu akikwambia basi la Lusaka linaondoka saa fulani, unamuuliza "saa za wapi?" na mazungumzo yanaendelea. Swali hilo la Tunduma ndilo la kuuliza kila unaposoma tiketi. Kila tarakimu ya saa kwenye tiketi ni saa ya mji ulioandikwa mbele yake: ya kuondoka ni ya huko unakotoka, ya kufika ni ya huko unakofika.

Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa kila saa moja. Mbozi iko nyuzi sita na kidogo magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua la Dar es Salaam linatutangulia kwa dakika kama 25, ingawa saa zetu za ukutani zinasema sawa. Dresden iko magharibi yetu kwa nyuzi 19 tu, hivyo tofauti ni ndogo: wakati wa baridi yao wako nyuma yetu kwa masaa mawili, na tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wanaposogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa moja.

Sasa tazama tiketi inavyoweza kumpotosha mtu. Ndege inatoka Addis Ababa 23:30 na kufika Frankfurt 04:40 wakati wa baridi. Ukitoa moja kwa nyingine unapata masaa matano na dakika 10, na utamwambia jirani kuwa Ulaya ni karibu kuliko ulivyodhani. Ongeza yale masaa mawili ya tofauti: ni saba na dakika 10. Wakati wa kurudi hesabu inageuka, tiketi inaonekana kuwa na masaa tisa, na watu wanasema ndege ya kurudi ni mbovu.

Halafu saa yetu wenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na tuna sababu nzuri: hapa karibu na ikweta jua halituchezei. Mbozi, kati ya siku ndefu kuliko zote za mwaka na siku fupi kuliko zote, tofauti ni kama saa moja tu. Saa moja asubuhi ni asubuhi Januari na ni asubuhi Julai. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo, na mama mdogo alifurahi sana niliposema kwamba Addis Ababa akimuuliza mtu wa mjini saa, anaweza kujibiwa kama angejibiwa Mbozi. Lakini tiketi zao pia zinaanzia usiku wa manane, kama za dunia nzima. Njia ya kugeuza nilimwandikia nyuma ya kalenda ya kanisa: kuanzia 01 hadi 06 ongeza sita, kuanzia 07 hadi 18 toa sita, kuanzia 19 hadi 23 toa kumi na nane, 00 ni saa sita usiku. Hivyo 04:15 ni saa kumi na robo, 17:00 ni saa kumi na moja jioni, 23:30 ni saa tano na nusu usiku.

Hapo hapo tarehe nayo inahitaji jicho. Kwa tiketi, tarehe 14 inaanza saa sita usiku, wakati sisi bado tunauita usiku ule wa tarehe 13, au usiku wa kuamkia 14. Mtu mwenye tiketi ya tarehe 14 saa 00:40 akila chakula cha jioni cha tarehe 14 nyumbani, ndege imemwacha karibu siku nzima iliyopita. Nimeona familia nzima, mashangazi na watoto wa ubatizo, ikimsindikiza mtu uwanjani kwa nyimbo usiku usio wake. Tiketi ikianza na 00 hadi 05, msindikize jana yake.

Desemba iliyofuata aliondoka tena. Safari hii nilimpa daftari la kurasa 48 na kumwomba aandike kila mahali anapokaa na kila anapoinuka, kwa saa za Kiswahili, na pembeni aandike "za wapi". Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko vijana ninaofanya nao ofisini. Katoka Mbozi Mission saa kumi na mbili asubuhi. Barabara masaa mawili, malori yakitambaa mlima Senjele. Songwe, benchi, masaa mawili. Hewani dakika 80. Dar es Salaam, benchi, masaa matano na dakika 40. Hapo ameandika pia kwamba maji ya kunywa ni ghali. Hewani masaa mawili na dakika 50. Addis Ababa, benchi, masaa matatu na dakika 40. Hewani masaa saba na dakika 10. Frankfurt, benchi, masaa matatu na dakika 20. Treni hadi Dresden masaa manne na dakika 40.

Nilijumlisha alipotuma picha za kurasa zile. Safari nzima masaa 32 na dakika 40. Hewani 11 na dakika 20. Garini na kwenye treni sita na dakika 40. Kwenye benchi 14 na dakika 40. Sehemu ndefu kuliko zote ya safari ya kilomita zaidi ya elfu saba ilikuwa ile ambayo hakusogea hata hatua.

Ukurasa wa Frankfurt una mistari minne tu, na mwandiko umekuwa mkubwa, wa mtu anayeandikia magotini akiwa amechoka. Kafika salama. Begi limefika. Kahawa imekaguliwa na kurudishwa. Halafu: "Saa moja na nusu asubuhi, za huku. Watu wanakwenda kazini. Jua halijatoka."